Dakika Nne za Kiti cha Kumi na Saba

Saa sita na dakika kumi mchana, foleni ya duka la dawa ilikuwa na watu tisa. Wa nane alikuwa mwanamke wa gauni la kijani. Wa tisa, mwanamume wa shati lililonyooka kwa pasi, aliyetazama saa yake mara tatu ndani ya dakika moja.

"Kaka, hiyo saa itaona haya," mwanamke alisema.

"Kumbe dada una macho kisogoni?"

"Nina masikio. Unahema kama umefukuzwa, Bwana Saa."

Wote wawili walinunua dawa ya kichwa, wakapeana namba. Mwanamke alipokea simu za wateja. Mwanamume alipanga zamu. Kampuni gani, hawakuulizana. "Kazi tuiache mlangoni," mwanamke alisema, na kwa miezi minne wakashika ahadi hiyo.

Kila siku saa nane mchana mwanamke alimpigia.

"Mume mtarajiwa, umekula?"

"Nimekula, malkia. Wewe je?"

"Nimekula maneno ya wateja, nimeshiba."

Mwanamume alipokelea simu hizo kwenye ngazi za ofisi kuu ya kampuni yake. Dakika zake hazikuhesabiwa na mtu.

Mwezi wa tano vicheko vilipungua. Usingizi ulimpotea mwanamke. Jumapili alikaa kitandani hadi adhuhuri, macho darini.

"Kuna mwingine?" mwanamume aliuliza.

"Mwingine nimtoe wapi, na mimi mwenyewe sijipati?"

Mwanamume hakuamini. Siku mbili hakupokea simu yake. Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, alimpigia, akamkuta analia.

"Nimepewa barua ya onyo. Sikiliza. 'Kiti cha kumi na saba. Ruhusa ya msalani ni dakika nne. Wastani wako ni sita. Ukirudia...'"

"'...hatua zitachukuliwa,'" mwanamume alimalizia.

"Umejuaje?"

Angeweza kusema barua za onyo zote hufanana.

"Niliiandika mimi. Kanuni ya dakika nne ni yangu pia. Huku ofisi kuu ripoti zinakuja na namba za viti, hazina majina."

"Kwa hiyo hukujua ni mimi."

"Sikujua ni wewe. Nilijua ni mtu."

"Zile mbili za ziada," mwanamke alisema, "nilikuwa nakupigia wewe."

Akakata.

Daktari alimpa mwanamke wiki mbili za mapumziko. Mwanamume aliomba kukalia kiti kile zamu moja. Alipokea simu mia moja na nne, katika kumi na tisa alitukanwa, akajibu, "Asante kwa kutupigia." Saa nane alikwenda msalani. Alikaa dakika kumi na moja. Aliziandika kwenye ripoti kwa jina lake, akaambatisha ombi la kufuta kanuni na onyo. Siku ya tisa vyote vilifutwa.

Nakala ya uamuzi huo aliipeleka mwenyewe. Dada mkubwa wa mwanamke aliipokelea mlangoni.

"Shemeji, majuto ni mjukuu. Wewe umepata wajukuu kabla ya watoto."

Hakumkaribisha ndani.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, simu iliita.

"Sijakusamehe, Bwana Saa."

"Najua."

"Lakini jana nimelala. Tangu saa tatu mpaka alfajiri."

"Hizo ni saa..."

"Usihesabu."

Simu ilidumu dakika arobaini na moja. Hakuna aliyekata, chaji iliisha.