Watatari Arobaini wa Risasi

Jumamosi saa nane mchana, pale Nakwa, Mwalimu Wilbroad alifungua kabati akakuta askari wake wa kuchezea, Watatari wote arobaini, hawapo. Waturuki wa plastiki, jeshi la rafiki yake Sankok, walikuwa kwenye rafu yao, hata kilemba kimoja hakijasogezwa.

Ursula, jirani yake, polisi mstaafu, alikuna kichwa. Kazini alishatafuta ng'ombe, pikipiki, hata jeneza. Lakini wapanda farasi wa urefu wa kidole, wa kuchezea vita vya kale mezani? Hapo kweli alichanganyikiwa.

"Ni Sankok," Wilbroad alisema. "Jana Watatari walimchapa. Walijifanya wanakimbia, akawafuata mpaka mtegoni. Nimeshampigia simu nikamwambia ni mwizi."

"Hasira hasara, mwalimu. Babati nzima unacheza na nani mwingine?"

"Na yeye tu."

Ursula alikagua kufuli la mlango. Zima. Tena, mwizi gani anaiba jeshi la mwenzake halafu anaacha lake? Kila alichoshika kilimponyoka.

"Walikuwa ndani ya nini?"

"Kopo la biskuti, nimelizungushia selotepu. Juu nimeandika 'Risasi 40', nisiwachanganye na wa plastiki. Wangu ni wa madini ya risasi."

"Ufunguo mwingine anao nani?"

"Mama Allen, mwenye nyumba. Ndiye anayenifagilia chumba."

Ursula alitoka kwenda uani, Wilbroad nyuma yake. Mama Allen alikuwa anachambua maharage.

"Mama Allen, kopo la mwalimu liko wapi?"

Mikono ya mama ilisimama. "Nimelitumbukiza chooni. Saa mbili asubuhi."

"Ulilifungua?"

"Nilifungue la nini? Risasi arobaini! Allen wangu mlimkuta na mbili tu, na mpaka leo yuko gerezani. Huyu naye nimwache achukuliwe hivihivi?"

Wilbroad alitaka kucheka, akajikuta analia. Ursula hakuthubutu kumtazama mama usoni.

Saa kumi kamili Sankok aliingia na mfuko mtupu. Wilbroad alimweleza yote, akaomba radhi mara tatu. Sankok alisikiliza huku akiwatia Waturuki wake mfukoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka rafu ikabaki tupu.

"Mama alikosea neno kwa sababu anakupenda," alisema. "Wewe uliposema mwizi, mwalimu, hukukosea neno."

Akamuaga Mama Allen tu, akashika njia ya kurudi Bonga.