Rudia Nilichosema

Sauti ndiyo Fancy aliijua kwanza. Sura ilikuja baadaye, sokoni Kericho, Jumamosi, watu wamebanana kama majani chai kwenye gunia. Waceke, mama muuza viazi, alikuwa akimhesabia vitu mteja mmoja mrefu mwenye jaketi ya bluu, na yule kijana akarudia vyote neno kwa neno: viazi ndoo moja, kabichi mbili, vitunguu asitie.

Jameni, nani hurudia kabichi? Waceke alicheka mpaka leso ikamteleza kichwani. Fancy hakucheka, alikuwa ametega sikio. Kwa miaka miwili alikuwa akiongoza ndege kutoka mnara wa uwanja mmoja wa Nairobi, ambako ndege ndogo hupishana kutwa nzima, na kazi yake ilikuwa moja tu, zisigongane. Chochote anachomwagiza rubani, rubani lazima akirudie, ndipo Fancy ajue kwamba amesikia. Sauti hii ilikuwa imemrudishia maneno yake mara nyingi sana.

Akamsogelea kwa nyuma, gauni lake la manjano likipepea, akasema polepole, "Pinda kulia, upishe mkokoteni."

"Napinda kulia, napisha mkokoteni," jamaa akajibu kabla hajafikiri. Kisha akageuka, kabichi mkononi.

Huyo alikuwa Kipchirchir, mzaliwa wa kijiji cha Roret, anayerusha watalii kwenda mbuga ya Mara. Wacha nikwambie, hawakuchelewa hao. Wote wawili walikuwa wamekuja nyumbani likizo, na siku hizo walitembea kwenye vijia vya majani chai, ukungu umewafika kiunoni, wakiongea kidogo na kunyamaza sana. Waliporudi Nairobi, simu ikawa kila jioni. Yeye alimwita Fancy "mnara wangu", akimtania kwamba hata kulala anangoja ruhusa yake. Fancy alikuwa akilala na tabasamu.

Lakini mapenzi yana ujinga wake. Asubuhi moja ya Machi, Kipchirchir aliruka na abiria. Fancy akamwagiza abaki futi elfu saba, kwa kuwa ndege nyingine ilikuwa inakuja futi elfu nane. Kipchirchir alisikia ile sauti tamu, namba yenyewe ikampita. Akajibu tu, "Sawa, mnara." Hakurudia. Na Fancy, ole wake, badala ya kumbana arudie, alitabasamu.

Dakika mbili baadaye, kwenye skrini, alimwona anapanda kuelekea elfu nane. Akamwamuru apinde kulia saa hiyo hiyo, na bahati nzuri akapinda. Ndege zilipishana karibu sana, hata watalii wakapungiana mikono madirishani, wakidhani ni mambo ya kawaida. Zamu ilipoisha, Fancy alikaa chini akaandika ripoti bila kuficha kitu. Kipchirchir akasimamishwa kuruka. Jioni akapiga simu.

"Si ungenyamaza tu, Fancy? Hakuna mtu aliumia."

"Nilinyamaza mara moja, Kip. Ndiyo maana nimeandika."

Kipchirchir akakata simu. Akarudi Roret kuchuma chai na mama yake, Esnah, kikapu mgongoni. Ndege ikipita juu anainua kichwa, halafu anainama tena. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na hamu kubwa ya kumwona Fancy, ingawa hangekubali.

Wiki ya sita aliitwa na wakubwa wa usafiri wa ndege ajitetee, akapewa ile ripoti aisome. Mstari wa kwanza ulisema: "Kosa la kwanza ni langu. Hakurudia, na mimi sikumwambia arudie, kwa sababu ninampenda." Akauliza Fancy yuko wapi siku hizi. Akaambiwa naye alitolewa mnarani siku ile ile ya ripoti, na sasa yuko kwao.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Kipchirchir alisimama nje ya lango la baba yake Fancy huko Chebunyo, viatu vimejaa vumbi. Fancy alikuwa amekaa uani, gambuti zake miguuni, akisugua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha.

"Kwa nini hukuniambia wamekutoa pia?"

"Ulikata simu."

"Nilikosa. Huko juu, na hata kwa simu. Nisamehe."

Fancy aliendelea kusugua. Ng'ombe walikuwa wanacheua kando yake. Halafu akasema, macho bado kwenye kibuyu, "Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Uje na wazee wanne na mama yako. Baba hapendi watu wa kuchelewa."

Wazee kuja nyumbani kwa msichana ni koito, ni kuomba mke, na hakuna msichana wa huko anayesema hivyo kwa mzaha. Macho ya Kipchirchir yakajaa machozi.

"Sawa," akasema.

Fancy akaweka kibuyu chini. Akamtazama, akangoja.

Kipchirchir akashtuka, akasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu. "Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Nije na wazee wanne na mama. Nisichelewe."

"Ni sahihi," Fancy akasema, ndipo akainuka kumfungulia lango.