Shingo ya Mwamini

Jumatatu, tarehe ishirini na nne Aprili 1911, ndiyo siku waliyonivunjia nyumba. Daktari wa Kidachi, Mjerumani, alikuja Rumonge kupapasa shingo za watu, akitafuta tezi za malale. Ukikutwa nazo, unapelekwa kambini kuchomwa sindano. Wengi waliochomwa walipofuka. Wakubwa walilijua hilo, wakaendelea kuchoma.

Mke wangu Mwamini alikuwa na tezi mbili. Na jino lilikuwa linamuuma tangu Pasaka, lakini Mudachi gani angeuliza habari za jino?

Asubuhi ile nilimwita dada yangu Zena kutoka Minago, maana hakuwa na tezi, na huku hakuna aliyemjua.

— Mama Idi, wewe bakia ndani. Zena ataitika jina lako.

Zena akajishika shingo.

— Shingo hii, wifi, Mudachi akiigusa hataiachia.

— Wewe kunyamaza tu kunakushinda, Mwamini akamwambia. Utakuwa mimi namna gani?

Tulicheka. Kisha Mwamini akashika medali ya wanafunzi wa dini iliyokuwa kifuani mwake.

— Baba Idi, huo ni uwongo. Nimebakiza miezi miwili nibatizwe.

— Ni uwongo mudogo.

— Padri hakutufundisha kuupima.

— Padri iko na macho yake. Mimi nataka yako, uniangalie nayo mupaka tuzeeke.

Idi wetu tulimzika akiwa hajatembea. Nilibaki na Mwamini tu. Alinishika mkono, nikadhani amekubali.

Karani aliita, "Mwamini, mke wa Asmani." Zena akatoka. Daktari akampapasa, akamuruhusu apite. Nilikuwa bado sijapumua vizuri nilipomwona mke wangu anakuja, anapita kati ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, walioanikwa.

— Bwana, huyo si Mwamini. Mwamini ni mimi.

Zena akapotea katikati ya watu. Mimi walinilaza chini, viboko ishirini na tano, kisha mnyororo, nipelekwe gerezani Usumbura. Mwamini akapiga magoti.

— Mufungueni. Naapa kwa medali hii, kambini sitatoroka.

Daktari akamtazama padri aliyesimama kando yake. Padri akasema:

— Neno lake ni kweli. Mimi namjua.

Hivyo ndivyo nilivyofunguliwa, yeye akapelekwa kambini.

Miezi mitatu baadaye nilifika kambini. Alikuwa ameketi nje ya kibanda, uso ameuelekeza ziwani.

— Unanuka mawese, akasema kabla sijamsalimu. Umekuwa mupishi siku hizi?

— Mama Idi, niangalie.

— Nakuangalia. Ni giza tu.

Niliuma shati nisilie.

— Mtumbwi uko kwenye matete. Aruna mvuvi anatungoja. Kesho tuko ng'ambo, kwa Wabelgiji.

— Niliapa, Baba Idi.

— Uliwaapia watu waliokupofusha.

— Sikuwaapia wao.

— Na mimi je? Siku uliyoingia kwangu hukuniahidi kitu?

Alinitafuta kwa mikono mpaka akaupata uso wangu.

— Nakupenda kuliko macho niliyokuwa nayo. Lakini ukinibeba leo, utabeba mutu aliyetupa neno lake. Huyo humutaki.

— Namutaka. Hata huyo namutaka.

— Mimi simutaki.

Ningeweza kumbeba kwa nguvu, alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Sikumbeba. Nilirudi mtumbwini peke yangu, Aruna akapiga kasia.

Alikufa mwezi wa kumi. Walimbatiza akiwa anakata roho, wakamwita Mariya, jina ambalo sikuwahi kumwita. Padri alikuja mwenyewe kunipa habari, amevua kofia.

— Asmani, mke wako ni mtakatifu.

— Padri, mimi nilioa mwanamke.

— Malale yangemuua hata hivyo.

— Nani alikwambia tezi zile zilikuwa za malale, si za jino? Daktari?

Akasema ataniombea.

Wadachi sasa wamekimbia, daktari amekwenda nao, na kambi imeota nyasi. Padri amebaki. Nimemuuliza neno moja mara tatu, ya mwisho Jumapili iliyopita mlangoni pa kanisa, waumini wake wakisikia, na mara zote tatu ametazama chini. Kama asubuhi ile Mwamini angekaa ndani, uwongo ule mmoja ukapita, akabaki na macho yake, tukazeeka pamoja, Mungu wenu angekataa kumpokea?