Mzunguko Uliorudishwa Nyuma

Sauti ya vidole vya miguu, tak, tak, tak, ilitoka kwenye spika, na mhariri wa filamu alijua fika kwamba kipande kile cha picha kilirekodiwa bila sauti; muziki ungewekwa baadaye. Akachomoa waya. Sauti ikaendelea.

Mcheza baleti aliyezunguka kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Siku ya kupiga picha aliteguka kifundo cha mguu akaanguka kabla ya kumaliza mzunguko, filamu ikabaki haina mwisho. Kwa kumwonea huruma, mhariri alifanya ujanja wa mafundi: akachukua mwanzo wa mzunguko ule ule, akaugeuza urudi nyuma, akauunga pale alipoangukia. Ukapendeza kupita kiasi. Tatizo lilikuwa uso. Picha ikienda mbele, binti alikuwa amekunja uso kwa kazi. Ikirudi nyuma, alitabasamu.

Nyumbani binti alizidiwa. Mama alisema chumba chake kinanuka nywele zilizoungua, na kwamba mchana kweupe, bandeji ikiwa mguuni, husimama kwa ncha za vidole na kuzunguka kinyumenyume, macho kayafumba, hadi damu inachuruzika sakafuni, na ukimshika ni wa baridi, na ukimwita haitiki bali hucheka chini chini kama anayejua jambo.

Mganga alipoletwa alinusa tu mlangoni, akamuuliza mhariri amemfanyia nini mdogo wake. Mhariri akaeleza yote.

"Umemfungulia mwingine njia," mganga akanong'ona. "Kifute hicho kipande, mwanangu. Leo hii."

Alikifuta huku analia, maana hakuwahi kuunga kitu kizuri kama kile. Binti akafumbua macho, akaomba maji, akatembea bila kuchechemea. Mama akamshukuru Mungu.

Asubuhi iliyofuata mhariri alifungua picha za awali ambazo hazijaungwa, atafute namna nyingine ya kumalizia. Mdogo wake alizunguka akaanguka, kama siku ile, ila sasa hakuna aliyekuja kumwinua, naye akajikokota akiburuta mguu hadi uso wake ukajaa kioo kizima, akakigonga kwa ndani, tak, tak, tak, midomo ikisema kaka, kaka, nitoe.

Mkono wa baridi ukatua begani kwa mhariri. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

"Na hicho kifute, kaka," binti akasema nyuma yake, kwa upole.