Marehemu Mwenye Cheti Safi

Marehemu alikuwa amelalia tumbo katikati ya barabara ya Tabata, milango wazi, oili ikimtoka taratibu. Alikuwa mweupe, mwenye viti kumi na vinne, na ubavuni aliandikwa kwa rangi ya bluu: CHEKECHEA YA BI HAYAT.

Marehemu alikuwa gari.

Kwenye sakafu yake palikuwa na tundu la ukubwa wa sinia la pilau. Ndani ya tundu hilo, miguu juu ya lami na kiwiliwili ndani ya gari, alisimama Bi Hayat mwenyewe, mkoba kwapani. Hakuumia popote ila heshima.

"Shikamoo, Bi Hayat," alisema Inspekta Bernadeta. "Ilikuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Lilikuwa linakwenda, mie nimekaa. Ghafla likawa linakwenda, na mie nakwenda."

"Unakwenda vipi?"

"Nakimbia! Toka kwa yule muuza mkaa mpaka hapa. Ndani ya gari langu mwenyewe!"

"Dereva hakukanyaga breki?"

"Kakanyaga. Ikashuka chini pamoja na mguu wake. Limesimama kwa kuchoka."

Koplo Mudathir aligeuka upande na kukohoa kikohozi kirefu cha mtu ambaye haumwi kifua. Bernadeta hakucheka, ingawa alitamani. Alikuwa akitazama kile kiti kidogo kilichoning'inia ukingoni mwa tundu.

"Watoto walikuwa waanze kulipanda lini?"

"Jumatatu. Leo tulikuwa twalijaribu njiani." Sauti ya Bi Hayat ilipungua. "Ishirini na wawili, kwa zamu mbili. Mdogo wao ana miaka mitatu."

Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja aliyejifunga khanga kiunoni alipenya mbele. Aliitwa Tekla, na mwanawe alikuwa miongoni mwa wale ishirini na wawili.

"Ulituambia limekaguliwa!" alifoka. "Ukatuonyesha karatasi! Kumbe ulijua unatuuzia jeneza! Jumatatu mie namtoa mwanangu, na wenzangu wote nawaambia wawatoe!"

Bi Hayat alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyopigwa laminesheni. Cheti cha ukaguzi kutoka nchi jirani, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Breki: nzuri. Taa: nzuri. Bodi na sakafu: nzuri sana.

Simu ya Bernadeta ikalia. Aliyepiga alikuwa mkuu wa kituo.

"Inspekta, wazazi wameshanipigia. Huyo mama kawahakikishia watu gari ni zima. Kama hadi Jumatatu asubuhi huna mwingine wa kumfikisha mahakamani, tunamfikisha yeye."

* * *

Uchunguzi wa maiti ulifanyika gereji, Buguruni. Fundi Ansbert aliingia chini ya gari na bisibisi. Zilimdondokea chenga za kutu hadi masikioni.

"Limekufa kwa nini?" aliuliza Bernadeta.

"Kutu, Afande. Sakafu yote ni kutu iliyofunikwa zulia. Zulia ndilo lililokuwa gari."

"Muda wa kifo?"

"Miaka miwili iliyopita, au zaidi. Hapa Dar lilikuja likiwa marehemu."

"Lakini lilipasi ukaguzi miezi miwili tu iliyopita."

Ansbert alitoa kichwa. "Basi aliyelikagua alikuwa kasinzia. Au alikagua jingine."

Bernadeta alibaki na neno lile la mwisho. Alimgeukia Bi Hayat, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kama mfiwa.

"Ulipolinunua, mliangalia nini?"

"Cheti! Tulikikagua siku tatu. Kaka yangu Khalil kasoma mstari kwa mstari. Tukapiga simu huko huko walikokitoa, wakasema cheti ni chao, halali. Mihuri tukaihesabu, mitano."

"Na gari?"

"Gari tulilifukiza ubani, tukalisomea dua."

"Hamkuinama kutazama chini?"

Bi Hayat alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niiname wakati cheti ninacho mkononi?"

Bernadeta hakumlaumu. Hata yeye alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo mtu mwenye cheti alivutiwa kiti. Alichojua ni kwamba mama huyu, akipelekwa mahakamani, ataipoteza shule yake, na aliyemwuzia kutu atabaki akiuza.

* * *

Yadi ya Cyprian, aliyemwuzia Bi Hayat gari, ilikuwa Mikocheni. Aliuza gari za aina moja tu, nyeupe, viti kumi na vinne. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ikawa na makali.

"Karibu sana, Afande. Unataka ya familia au ya biashara?"

"Nataka maelezo. Gari la Bi Hayat limevunjika sakafu."

"Daa! Pole yake." Cyprian alishika kifua. "Lakini ishu ya barabara za Tabata mnaijua nyie wenyewe. Gari limetoka hapa zima. Cheti kipo."

"Vyeti vipo," Koplo Mudathir alimsahihisha, kidole kikielekea ukutani.

Ukuta mzima ulikuwa na nakala za vyeti vya ukaguzi vya magari yote aliyouza, kumi na moja, vimewekwa kwenye fremu za dhahabu kama picha za wahitimu. Kila kimoja kilikuwa na picha ya gari likiwa kwenye ukaguzi.

"Hakuna hata moja lililofeli?" aliuliza Bernadeta.

"Hakuna!" Macho ya Cyprian yaling'aa. "Asilimia mia moja. Kuna shule gani yenye matokeo hayo, sista?"

Bernadeta alisogea karibu. Kila cheti kilitaja kilomita ambazo gari lilikuwa limetembea. La kwanza: 84,112. La pili: 84,120. La tatu: 84,128.

Alisoma hadi la mwisho. Kisha akasoma tena, safari hii akifuatisha kwa kidole.

"Cyprian, haya magari yalikuwa ya mtu mmoja?"

"Hapana, watu mbalimbali."

"Lakini kila moja limezidi lililotangulia kwa kilomita nane kamili."

"Bahati, Afande."

"Kutoka ulikoyahifadhi huko hadi kituo cha ukaguzi ni umbali gani?"

"Kilomita nne," alijibu Cyprian, kisha akafumba mdomo, akiwa amechelewa kidogo.

"Nne kwenda, nne kurudi," alisema Mudathir.

Bernadeta alikuwa ameshahamia kwenye picha. Bampa za nyuma, zote kumi na moja, zilikuwa na bonde dogo mahali pale pale, lenye umbo la kijiko.

"Lile gari jeupe tulilolipita nje ni lako mwenyewe?"

"Lile haliuzwi!" Cyprian alisema kwa haraka na kwa uchungu, kama mtu aliyeguswa jipu.

Walitoka. Gari lilikuwa kivulini, limesuguliwa hadi likang'aa. Kwenye bampa ya nyuma palikuwa na bonde lenye umbo la kijiko. Pale palipofungwa kibati cha namba ya chasisi, skrubu nne zilikuwa zimelika vichwa kwa kufunguliwa na kufungwa.

Bernadeta alihema polepole. Alikuwa shuleni zamani, alijua jina la kitu hiki.

"Mamluki," alisema. "Lilikuwa linaingia kwenye mtihani kwa majina ya wenzake."

Cyprian alikaa chini, palepale kwenye changarawe, bila kujali pasi ya suruali.

"Halijawahi kufeli," alisema kwa sauti ndogo. "Mara kumi na moja. Breki, taa, sakafu. Nilikuwa nikilisubiri nje ya geti, moyo unanidunda. Likitoka limepasi, nalia."

"Kwa nini, Cyprian?"

"Mie nilifeli kidato cha nne mara tatu, Afande. Mara tatu! Baba alibandika matokeo yangu sebuleni ili wageni wasome. Nayajua maumivu ya kufeli. Nikiona gari limesimama pale lina kutu, linakaribia kukaguliwa, nalionea huruma."

"Na hela ulizoongeza kwenye bei kwa sababu ya cheti?"

Cyprian alipangusa pua. "Hizo zilikuwa zinanituliza."

Mudathir aliishiwa na kikohozi, akacheka wazi. Bernadeta hakuweza. Alimwonea huruma mtu huyu na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na hakujua lipi ni kubwa.

"Ukifeli wewe, unalia," alimwambia. "Sakafu ikifeli, mtoto wa miaka mitatu anaangukia lami. Umewahi kumwazia?"

Cyprian aligeuza macho kuelekea ndani, kwenye ukuta wa vyeti.

"Niliogopa kumwazia," alisema. "Ndiyo maana nikatundika vyeti."

Alikamatwa kwa kughushi na kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kabla ya machweo, Mudathir alikuwa amewapigia wanunuzi wengine kumi, na magari yote kumi yakazuiwa kutembea. Mmoja alibisha hadi alipoombwa apige teke sakafu. Hakubisha tena.

* * *

Jumatatu asubuhi Bernadeta alifika chekechea akiwa na taarifa ya polisi. Wazazi walijaa getini, Tekla mbele, amemshika mwanawe mkono.

"Mshtakiwa amekiri," alisoma Bernadeta. "Bi Hayat alidanganywa. Hana kosa."

Minong'ono ikaanza kulegea. Kisha Bi Hayat akainua mkono.

"Ngoja, mwanangu. Nimedanganywa, ni kweli. Lakini nilikodolea karatasi siku tatu, na gari sikuliinamia hata mara moja. Hilo kosa langu mie, si la Cyprian. Watoto ni wenu. Anayetaka kumtoa wake amtoe, sitamnunia."

Bernadeta aliikunja taarifa yake, akijilaumu kwa kutofikiria kwamba mama huyu angeiongezea maneno.

Tekla alimtazama Bi Hayat, akamtazama mwanawe, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni.

"Ingia darasani. Mwalimu wako kakosea, na kasema mwenyewe. Kajifunze hapo."

Wengine wakafuata.

"Lakini gari hatuna," Bi Hayat aliwaambia, macho yamemlowa. "Kwa sasa watakuja na kurudi kwa miguu."

"Waje tu," alijibu Tekla. "Miguu hiyo nimeikagua mwenyewe."