Kizito Kikiwa Kitupu

Kigari cha mtoto kilikuwa kizito zaidi kikiwa kitupu. Leticia aligundua hivyo Jumapili moja baada ya ibada, wanakwaya wenzake walipombeba mwanawe naye akabaki kukisukuma peke yake kutoka mlango wa kanisa hadi kivulini. Elizabeti akiwa ndani, kilikwenda kwa mkono mmoja. Elizabeti alipotolewa, magurudumu yalizama mchangani, na mama akalazimika kukiegemea kwa kifua kama mtu asukumaye mkokoteni wa maji. Alidhani breki imejifunga. Akainama kutazama. Breki ilikuwa wazi.

Mwanamke aliyepata mtoto baada ya miaka mingi ya kuitwa tasa halalamikii zawadi upesi, na kigari kile kilikuwa zawadi ya mumewe.

Zabron, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mzee wa kanisa. Alikinunua kigari kwenye mitumba Elizabeti alipoanza tu kukaa, akakiongezea vyuma, akakifunga magurudumu manene ya kuhimili mchanga wa mtaa wao wa Mikanjuni na tope la masika. Kilimbeba mtoto katika homa za meno. Kilimwagikiwa uji na maziwa, kikawa kitanda chake cha mchana na kiti chake cha kulia. Sasa alikuwa anakaribia miaka mitatu. Ndani ya nyumba alikimbia juu ya saruji na kupanda makochi. Nje, baba yake hakuruhusu kamwe ashuke. Alisema mchanga una funza na vipande vya chupa. Alisema mtoto aliyeombewa kwa machozi hakanyagishwi uchafu. Alimbeba kutoka mlangoni hadi kwenye kigari, na kutoka kwenye kigari hadi mlangoni, na mkewe akaona ni upendo.

Majirani walicheka. Bi Mwanamkasi, mjane wa Kidigo aliyeuza bajia nyumba ya pili, alizoea kumwambia Leticia kwamba binti huyu ataolewa pamoja na kigari chake, na bwana harusi itambidi aje na pampu. Kisha alasiri moja alikishika mpini ili asaidie kukipandisha barazani, na mkono wake ukarudi haraka kama ulioungua.

"Mama Eliza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "humu mna mtu."

Leticia alitabasamu, akamwonyesha Elizabeti aliyelala.

"Si huyo. Huyo ninamwona."

Tangu hapo macho ya Leticia yakafumbuka, na alitamani yasingefumbuka. Aliona kwamba mtoto hakai katikati ya kiti, bali hujibana upande mmoja, na akipewa biskuti huivunja, akaiacha nusu juu ya kitambaa kitupu, na nusu hiyo haionekani tena. Akaanza kunusa harufu iliyotoka katika matandiko hata baada ya kufuliwa na kuanikwa juani: harufu chachu ya makapi ya mkonge yanayooza nyuma ya kiwanda, ambayo kila mtu wa Tanga anaijua, ila karibu na nyumba yao hapakuwa na mkonge. Akamuuliza mtoto kwa nini hakai vizuri.

"Nimempisha," alisema Elizabeti.

"Umempisha nani?"

"Babu. Anangoja nishuke."

Mchana wa siku iliyofuata, mtoto akiwa amelala kitandani chumbani, Leticia alikuwa jikoni akichagua mchele aliposikia kigari kikilia barazani, kile kilio chepesi cha chuma anachokitoa mtu ambembelezaye mtoto mbele na nyuma, mbele na nyuma, na alipochungulia dirishani, akiwa na ungo mkononi na jua la adhuhuri likiwaka juu ya kila kitu kiasi kwamba hapakuwa na kivuli cha kujidanganyia, aliona kiti kimebonyea katikati kama kilichokaliwa, mikanda imefungwa pasipo wa kufungwa, na mpini, ambao hapakuwa na mkono juu yake, ukishuka na kupanda taratibu kama kifua cha mtu anayepumua bila haraka kwa sababu ana hakika ya kile anachokingoja. Mchele ulimwagika wote. Alijaribu kuomba, na maneno aliyoyajua tangu shule ya Jumapili yakamkauka kinywani.

Jioni alimweleza mumewe yote. Zabron alisikiliza akiwa ametazama viatu vyake, kisha akasema kwamba lolote atakaloliona au kulisikia, asimshushe mtoto chini. Leticia alilala na neno hilo likimchoma. Mumewe hakuuliza babu yupi.

Ukweli ulijifunua barabarani. Leticia alikuwa akitoka kliniki na Elizabeti, na karibu na karakana ya Zabron kigari kikawa kizito ingawa mtoto alikuwamo. Magurudumu yakazama. Harufu ya makapi ikapanda hadi machozi yakamtoka. Alifungua mikanda, akamtwaa mwanawe kwapani ili amsimamishe mchangani, angalau kwa muda wa kukinasua. Nyayo zile, laini kama za mtoto mchanga, zilikuwa zimebakiza shubiri moja kufika ardhini alipomsikia mumewe akipiga yowe. Zabron alikuja mbio, miwani ya kuchomelea ingali usoni, akajitupa kwa magoti, akaitandaza mikono yake chini ya miguu ya mtoto. Wapita njia walimwona mzee wa kanisa akiwa amepiga magoti vumbini, viganja vyake vikizizuia nyayo za binti yake zisiguse udongo. Malaika ndio tulioahidiwa katika Zaburi kwa kazi hiyo. Yeye alikuwa akizuia kile alichokiuza mwenyewe.

Alikiri ndani ya karakana, mlango ukiwa umefungwa. Katika shamba la mkonge lililoachwa, alikofanya kazi marehemu baba yake aliyekuja kutoka bara, kuna kisima kikavu ambacho wakata mkonge wa zamani walikiogopa na kukiheshimu. Alipochoka kuomba na kutopata, alikwenda huko na kuku mweusi na ubani. Aliyemjibu kutoka chini, kwa sauti ya kizee, aliahidi mtoto, na kwa malipo akataka hatua ya kwanza ya mtoto huyo juu ya udongo. Akiisha kukanyaga, atakuwa wake.

"Nikadhani nitamdanganya," alisema Zabron. "Nikasema, hatakanyaga. Nitamtengenezea kigari."

Leticia alimpakata Elizabeti juu ya magoti yake.

"Ulisimama mbele ya madhabahu, Baba Eliza, ukatoa sadaka ya shukrani na sisi sote tukalia. Ulikuwa unamshukuru nani?"

Tusiharakishe kumtupia Zabron jiwe. Mwanamume yule alidhihakiwa na ndugu zake mwenyewe, aliambiwa amwache mkewe, naye akakataa kwa sababu alimpenda. Lakini mapenzi yasiyomngoja Mungu ni mto uliokosa kingo: huzoa hata nyumba uliyokusudia kuinywesha. Yeftha naye aliweka nadhiri ya upumbavu, na aliyeilipa ni binti. Ole wake mzazi atiaye sahihi kwa damu isiyo yake.

Leticia alitaka waende kwa mchungaji saa ile ile. Zabron aliomba apewe siku moja tu ajitayarishe, na mkewe akampa, kwa kuwa hata moyo uliovunjika una mazoea yake ya kutii.

Mchungaji Manase alikuja Jumamosi mchana, mzee mwembamba ambaye hakupaza sauti hata kwa mapepo. Alimsikiliza Zabron mpaka mwisho, akamwambia mambo mawili: kesho ayakiri haya mbele ya usharika, na kigari kichomwe moto leo. Kisha akatoka uani, akauchota mchanga kwa kiganja.

"Udongo huu si wa kisima," alisema. "Ni wa Bwana, na kila mguu unaoukanyaga ni wake. Mama, mshushe mtoto."

Leticia alimbana mwanawe kifuani. Barazani kigari kilianza kulia, mbele na nyuma, haraka haraka. Mchungaji alikikemea kwa jina la Yesu, na Leticia, akifumba macho, akamshusha mwanawe. Kigari kikanyamaza. Elizabeti alizitazama nyayo zake, akavinyanyua vidole, akacheka, akamkimbilia kuku wa Bi Mwanamkasi, naye bibi, aliyekuwa akitazama kutoka uani kwake, akaziba kinywa kwa kanga akilia.

Zabron alikichukua kigari akakichomee mbali, majirani wasiulize. Alirudi akinuka moshi. Kesho yake kanisani alisimama, akakohoa, na akatoa shukrani kwa kuwa Bwana ameiponya miguu ya binti yake iliyokuwa dhaifu. Usharika ukapiga makofi. Mchungaji aliinamisha kichwa. Leticia, katikati ya kwaya, alihisi usaliti ule ukimwingia mara ya pili, lakini alijituliza: mtoto anatembea. Kwa hilo alimsamehe.

Wiki kadhaa zilipita, Elizabeti akicheza kombolela nje na kuchubuka magoti. Kisha, jioni ya kiangazi, Leticia alitoka kuanua nguo akakikuta kigari barazani. Hakikuwa na alama ya moto. Magurudumu yake yalikuwa na tope jekundu, bichi, la mashamba ya mkonge, na hapakuwa na mvua tangu masika. Elizabeti alisimama kando yake bila hofu.

"Njoo huku," mama alinong'ona. "Usikikaribie. Anakungoja."

"Si mimi tena," alisema mtoto. "Anamngoja mtoto." Akauweka mkono wake mdogo juu ya tumbo la mama yake.

Leticia hakuwa amemwambia mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amejua juzi tu. Alipogeuka, Zabron alikuwa mlangoni, uso wake umekuwa wa majivu.

"Nilikwenda kisimani Ijumaa ile, siku uliyonipa nijitayarishe," alisema. "Nilimwomba amwache huyu. Akauliza, nani badala yake? Nikasema, atakayefuata. Mama Eliza, sikujua kama yupo."

Mungu hakuwa ameshindwa katika ua ule. Hakuaminiwa.

Leticia alizivua ndala zake, akamshika Elizabeti mkono, akashuka barazani, na wawili hao wakaifuata njia ya mchanga iendayo kwa mchungaji, peku, kila hatua akitamka chini ya pumzi kwamba udongo huu ni wa Bwana, na kilichomo tumboni ni chake. Nyuma yao magurudumu yakaanza kulia. Hakugeuka, alimkumbuka mke wa Lutu. Lakini Elizabeti, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha habari za mke wa Lutu, aligeuka, akatabasamu, akajibana kando ya njia, akampisha.