Nyuso Zenye Jina Moja

Siku ile mitumbwi miwili ya mota ilifika pamoja, na bandari ya Kindu ikawa kama kichuguu kilichomwagiwa maji ya moto. Wauza samaki wanapiga kelele, wachukuzi wanagombania magunia, na askari, hao wasiokosa mahali penye mzigo, wanadai kila anayepita awape "ya kahawa".

Twaibu alikuwa anasukuma velo, baiskeli yake, bidoni za mawese, mafuta ya ngazi, zinaning'inia huku na huku. Zamani alikuwa mtu wa reli, mfunga breki za mabehewa. Reli wakubwa waliiacha ife, basi velo njo ikawa treni yake. Mbele yake mwanamke alikuwa anatoka majini, viatu mkononi, kikwembe cha manjano chenye ndege wa bluu kimemkaa kiunoni kama kilishonwa akiwa amekivaa. Askari akamvuta Twaibu shati. Velo ikayumba, kifuniko cha bidoni kikaruka, na ndege wa bluu wakageuka wekundu.

"Weye! Macho uliacha nyumbani?"

"Macho niko nayo. Uliza huyu wa bunduki."

"Bunduki haikunimwagia mafuta. Ni weye."

"Basi geuka nimalizie upande wa pili, ifanane."

Wauza samaki wakacheka mpaka wakaangusha visu. Mwanamke akamtazama Twaibu toka shati lisilo na vifungo mpaka kandambili zilizofungwa waya.

"Bibi yako anakuvumilia namna gani, papa?"

"Alikufa."

"Basi alipumzika."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mwenyewe akauma mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Twaibu aliinua velo yake akaenda, na mafuta yakawa yanadondoka nyuma yake njia nzima.

Sasa, mke wake aliyekufa aliitwa Sofia, na binti waliyemzaa, Neema, alikuwa anaolewa Ijumaa inayokuja. Neema hakuomba mahari kubwa wala muziki. Alimwomba baba yake kitu kimoja: auone uso wa mama yake kabla ya kutoka nyumbani. Alimpoteza akiwa mchanga, hakuukumbuka.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, wenye bunduki walipogawana mji kama nyama ya mawindo, nyumba ya Twaibu iliungua na foto za ndoa ndani yake. Sofia alitoka msituni na Neema mgongoni, mifupa mitupu. Wazungu wa msaada walikuwa wamepanga watu kwenye kambi ya uwanja wa gare ya treni, wanawapiga foto mmoja mmoja, wanazituma Goma kwa barua za kompyuta, ati waliopotezana wapate kuonana. Kipindupindu kilimchukua Sofia kabla mvua hazijaisha. Foto aliyopigwa pale njo kitu pekee cha uso wake kilichobaki duniani. Wazungu walipokwenda zao, mashini yenye barua zote waliiachia biro, ofisi moja ya serikali. Tangu hapo Twaibu aliomba, na kila shefu aliyekaa kwenye kile kiti alimwambia arudi wiki ijayo. Mashefu walibadilika, wiki ijayo haikufika.

Safari hii alikwenda na Neema. Mlango ukafunguliwa, na nyuma ya mashini alikaa yule yule mwanamke wa bandarini, safari hii na gauni la kijani na hereni za shaba.

"Ah," mwanamke akasema. "Mwenye mafuta."

"Ah," Twaibu akasema. "Mwenye mudomo."

"Papa, tafazali," Neema akamvuta mkono, kisha akaeleza yeye mwenyewe, taratibu, kilichowaleta. Mwanamke alimsikiliza akimwangalia usoni. Jina lake Josiane. Alipomaliza kusikia, akamgeukia Twaibu.

"Lile neno la bandarini, papa, unisamehe. Mudomo wangu ulinitangulia."

"Iko na miguu mirefu."

"Na wako iko na misumari. Kaeni."

Kioo cha mashini kilikuwa cheusi, herufi nyeupe zimetapakaa kama chumvi kwenye sufuria. Hakuna picha ya kubonyeza. Josiane alikuwa anaiandikia amri, nayo inamjibu kwa mistari.

"Angalia," alimwambia Neema. "Hii ni barua. Foto iko mugongoni mwake, kama mutoto ndani ya kikwembe. Ukisoma barua, mutoto haonekani, unaona tu maandishi ya kichaa. Lazima niiandikie amri: fungua kikwembe, mushushe mutoto, mulaze kwenye mukeka wake. Ule mukeka njo faili. Hapo tutaona uso."

"Basi mushushe wa Sofia," Twaibu akasema.

"Majina hawakuandika. Waliandika namba ya karatasi ya kambi."

"Ile karatasi tulimzika nayo. Watu wamepoteza kila kitu, munawanyanganya na majina!"

"Miye sikumunyanganya mutu. Nitawashusha wote, tutatafuta. Acheni namba za telefoni, wote wawili. Na weye uache kupiga meza, si ngoma."

Jioni ile telefoni ya Twaibu, ile ndogo yenye tochi, ililia.

"Hallo, Mwenye Mafuta. Bibi yako alikuwa namna gani?"

"Kovu juu ya jicho la kushoto, kama mwezi mwembamba. Na anakunja uso. Hakupenda kuangaliwa na watu asiowajua."

"Kumbe mulifanana."

"Bwana wako hakasiriki ukipigia wanaume?"

"Bwana wangu alienda machimbo ya Kama kuchimba zaabu. Aliipata. Iko na miaka ishirini na inajua kupika."

Twaibu akacheka. Ni kicheko kilichotoka na kutu, kama behewa lililokaa sana. Kesho yake telefoni ikalia tena, na keshokutwa yake ni Twaibu aliyepiga, akisema anauliza habari za foto, ingawa habari za foto ziliisha mapema na credit ikaendelea kuliwa.

"Umekula, Mwenye Mafuta?"

"Ju ya nini unauliza?"

"Ju sauti yako ni ya mutu mwenye njaa ya kupigana."

"Niko nakula, Madame Mashini. Ila chakula cha peke yangu haina chumvi."

"Basi nunua chumvi, papa. Kwetu Alunguli iko mingi," akakata simu, na kila mmoja upande wake wa mto akabaki akiangalia telefoni yake kama mjinga.

Jumatatu Josiane aliiandikia mashini amri: barua zote za siku zile, shusha kila kitu zinachobeba, laza kila foto kwenye mkeka wenye jina ililokuja nalo. Mistari ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Akatafuta mikeka. Akakuta mmoja tu.

Mmoja! Akaubeba kwenye flashi, akaufungua kwenye telefoni yake. Mzee mmoja asiye na meno, kofia kichwani, anamcheka.

Hapo njo akaelewa. Yule mzungu aliyekuwa anatuma, kwa uvivu wake, foto zote aliziita jina moja: uso. Kwetu sisi mtu mwenye jina lako ni ndoyi wako, mnagawana bahati na hata shati. Mashini haijui undoyi. Wa pili akija na jina lile lile, inamlaza juu ya wa kwanza, na wa kwanza amefutika. Kambi nzima ililaliana kwenye mkeka mmoja, na aliyebaki ni yule mzee wa mwisho.

Na Josiane akafikiri kama mama yeyote wa huku Maniema angefikiri: mtoto akishashuka, mgongo unabaki mtupu. Akajua amewaua wote mara ya pili. Alikwenda mwenyewe mpaka sokoni, pale Twaibu anapopimia watu mafuta, akamwambia bila kuficha.

"Imepotea, Baba Neema. Ni miye nilikosa."

Twaibu akaweka chini kipimo.

"Umekosa, ao ulitaka?"

"Nitake ju ya nini?"

"Ulisikia sauti yangu kwenye telefoni, ukaona kuna nafasi. Ukafuta uso wa bibi yangu ili upate pa kukaa. Nyinyi wa biro munajua kazi moja, kufuta watu!"

Soko likageuka lote. Josiane alisimama wima, mikono imeshika kile kikwembe cha manjano ambacho doa lake lilikataa kutoka.

"Twaibu," ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tupu, "miye nilikupigia simu ju ulinichekesha. Sikujua moyo wako ni chumba cha kitanda kimoja. Bakia nacho."

Akaondoka.

Asubuhi yake Shefu Edouard, mkubwa wake, aliingia biro na koti lake la kung'aa. Wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Kinshasa kutembelea, na video zao zilihitaji nafasi kwenye mashini.

"Josiane, futa ile takataka ya vita. Yote."

"Shefu, ni nyuso za watu."

"Watu gani? Wangekuwa na wenyewe, wangekuja kuulizia."

Walikuja! Walikuja mpaka kizingiti kikalika! Lakini shefu anayeingia kwa mlango wa nyuma atamwona nani?

Josiane akakaa. Akaita orodha ya barua ili azifute, na pembeni ya kila barua mashini ikaandika uzito wake, kama ilivyo desturi yake. Kidole kikasimama hewani. Barua ya mistari michache haiwezi kuwa nzito hivyo. Mama asiyebeba kitu hainami hivyo.

"Wako bado mugongoni," akasema kwa sauti.

"Nani?"

"Wote. Kumbe haishushi mutoto mwenyewe. Inachora kivuli chake, yeye anabaki."

"Nimesema futa!"

"Nimesikia, shefu."

Na vidole vyake vikaandika amri nyingine: shusha wote tena, lakini yale majina waliyokuja nayo yaache; kila mmoja aitwe kwa namba ya barua iliyombeba, asilaliwe na mtu. Mistari ikaanza kushuka. Edouard akaona hafuti, akanyoosha mkono kwenye waya wa umeme. Josiane akasimama kati yake na ukuta, akamwambia kama ni kupita apite juu yake, na alikuwa mwanamke wa kimo. Mistari ilipotulia, flashi iliyobeba nyuso ikaingia ndani ya blauzi yake, na Shefu Edouard akamwambia akae kwao mpaka atakapoitwa. Tunajua kuitwa kwao.

Nyumbani, chini ya baraza, alifungua nyuso moja moja. Watoto, wazee, wasichana walionyolewa vichwa. Kovu hakuhitaji kulitafuta. Uso uliofanana na wa Neema ulimtazama, umekonda, umekunja paji, unamchukia mpiga foto. Aliutuma kwa Neema. Kwa Twaibu hakutuma kitu.

Twaibu alikuta binti yake ameketi mkekani, telefoni kubwa mikononi, analia bila sauti.

"Papa, alikuwa na hasira."

"Kila siku," Twaibu akasema, akaketi karibu naye.

Pembeni ya foto, karibu ukatwe, ulionekana mkono wa mwanaume umeshika mguu wa mtoto mchanga. Aliujua ule mkono. Alikuwa amesahau kwamba siku ile alisimama pale.

"Nani aliituma?"

"Mama Josiane. Wamemufukuza kazi ju ya hii. Na weye ulimutukana mbele ya soko, papa. Nitaolewaje na aibu hii nyumbani?"

Twaibu alivuka mto mchana ule ule, bila velo. Alimkuta Josiane Alunguli, uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kikwembe chenye doa kimefungwa kifuani. Mchi haukusimama.

"Karibu wapi?" akasema. "Hapa hatuuzi mafuta."

"Nimeleta kikwembe." Kilikuwa kipya, cha manjano, ingawa ndege hakuwapata, alipata samaki.

"Weka pale. Chukua na matusi yako urudi nayo."

"Nilikukosea."

"Ulinikosea sokoni. Unaniomba samahani uani, palipo na kuku tu."

Twaibu akageuka, akaenda mpaka kwenye lango, penye njia ya watu waendao majini. Akapaza sauti mpaka wachuuzi wakashusha vikapu. "Miye, Twaibu wa reli, nilimusingizia huyu mama! Alinirudishia bibi yangu, nikamutukana! Mwenye mudomo wa misumari ni miye!"

"Wee! Nyamaza, majirani watasema umelewa!" Mchi ukasimama. Josiane alikuwa anauma mdomo, lakini safari hii ni kuzuia kicheko. Akamvuta ndani ya ua.

"Foto yake utaweka wapi?" akauliza.

"Sebuleni. Kila anayeingia amusalimie."

"Na miye?"

Twaibu akaangalia chini.

"Njoo Ijumaa, ukae na mashangazi wa bibi arusi. Kisha nitatuma watu kwenu kuposa. Kama utakubali."

Josiane aliokota kikwembe cha samaki, akakipima kwa mkono, akakikunja upya.

"Sikiliza, Baba Neema. Miye sitaki mukeka wa Sofia. Nimeona kinachotokea watu wakilalishwa juu ya mukeka mumoja. Nitandikie wangu, pembeni ya wake, na uniite jina langu."

"Josiane," akasema.

"Sawa. Sasa shika muchi, sombe haijitwangi."